Maji Begani: Kwa Miguu hadi Keet Seel

Keet Seel ni kijiji cha mawe na udongo kilichojengwa ndani ya pango la genge, kaskazini mwa jimbo la Arizona nchini Marekani, katikati ya ardhi ya Wanavajo, moja ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani. Hakuna barabara inayokifikia. Anayetaka kukiona hana budi kuomba kibali mapema, kuhudhuria maelezo ya lazima katika ofisi ya hifadhi inayokilinda, Navajo National Monument, kisha kushuka korongoni na kutembea kilomita 27 hivi, kwenda na kurudi. Tulipokwenda sisi, kibali kilitolewa kwa watu wasiozidi 20 kwa siku, tena katika miezi ya kiangazi tu. Kati ya masharti yote tuliyosomewa, moja ndilo lililotawala safari yetu tangu mwanzo hadi mwisho: kila mtu abebe maji yake yote, kwa kuwa maji ya korongoni si ya kunywa.

Kwa sababu hiyo nitasimulia zaidi habari za maji kuliko habari za mandhari. Jamaa zetu wanaoishi Phoenix, mji mkuu wa Arizona, wanaponiuliza kuhusu safari hii, swali la kwanza huwa ni nyoka. Nyoka hatukumwona hata mmoja. Kilichotutesa ni uzito.

Tulikuwa wanne. Mmoja ni mwalimu wa jiografia, Mmarekani, ambaye ndiye aliyeomba kibali na ndiye pekee kati yetu aliyezoea kulala jangwani. Wa pili ni dada mmoja wa Mombasa, muuguzi kwa kazi, ambaye sote tulimwita Dada, hata Mwalimu ambaye Kiswahili chake chote ni salamu na majina ya vyakula. Wa tatu ni kijana wa Bukavu aliyeletwa Arizona na wazazi wake kama wakimbizi, na ambaye wakati ule alikuwa akifanya kazi ghalani zamu ya usiku. Wa nne ni mimi, mtu wa Tanga, niliyevuka miaka hamsini na ambaye magoti hayanitii tena kama zamani.

Ushauri wa hifadhi ni galoni moja, yaani karibu lita nne, kwa kila mtu kwa siku. Tulikusudia kulala usiku mmoja katika uwanja mdogo wa kambi ulio jirani na kijiji, kwa hiyo hesabu ilikuwa lita nane kwa kila mmoja, na lita nane ni kilo nane kabla hujatia chakula, hema wala nguo ya kujifunika. Mabishano yalianza sebuleni kwa Dada siku kadhaa kabla ya kuondoka. Kijana alisema atachukua kichujio na kuchota kijitoni kama wafanyavyo wapanda milima kwenye video. Mwalimu alimweleza kwamba ng'ombe, kondoo na farasi wa wenyeji hulishwa mle mle na kunywa mle mle, na kwamba kijito kile hubeba mchanga mwingi unaoweza kuziba kichujio kabla chupa moja haijajaa. Dada hakuingia katika mjadala. Alileta mizani ya bafuni, akapima mkoba mmoja baada ya mwingine, akaanza kutoa vitu na kuviweka mezani: viatu vya akiba, kopo la marashi, sufuria ya pili. Alipofikia spika ya muziki ya Kijana aliiinua juu na kumwuliza, "Mdogo wangu, hii utaikamua maji?" Spika ikabaki Phoenix.

Kutoka Phoenix hadi hifadhini ni mwendo wa saa tano hivi kwa gari, ukipitia Flagstaff na Tuba City. Njiani kuna jambo ambalo limewapotezea wengi nafasi yao: jimbo la Arizona halisogezi saa wakati wa kiangazi, lakini nchi ya Wanavajo husogeza, na eneo la Wahopi, kabila jingine la wenyeji wa asili, lililozungukwa na Wanavajo pande zote, halisogezi. Simu ya Kijana ilibadilisha saa yenyewe mara tatu kabla hatujafika. Anayekwenda kusikiliza maelezo ya lazima asubuhi, basi ajue kwamba saa mbili ya hifadhini ni saa moja ya Phoenix.

Katika maelezo hayo, askari wa hifadhi, yeye mwenyewe Mnavajo, hakutueleza sana kuhusu magofu. Alitueleza kuhusu majirani. Hifadhi yenyewe ni vipande vidogo vya ardhi, na njia karibu yote inapita katika ardhi ya familia zinazoishi na kufuga huko. Kwa hiyo tusiingie katika makorongo ya pembeni, tusikaribie nyumba wala mifugo, tusiwapige watu picha, na pombe yoyote ibaki nje, kwa kuwa imepigwa marufuku katika nchi ya Wanavajo. Mimi niliyapenda maelezo hayo. Mgeni anapoambiwa wenye mahali ni akina nani kabla ya kuambiwa kuna nini cha kutazama, hutembea kwa adabu nyingine.

Tulianza kushuka kutoka Tsegi Point jua likiwa bado la upande. Kutoka ukingoni hadi sakafu ya korongo ni kama mita 300, sehemu ya kwanza kwa ngazi zilizochongwa mwambani na sehemu ya chini kwa mteremko wa mchanga mwekundu mlaini. Katika kushuka, mchanga ule ni raha tupu: unatupa mguu, unateleza, unacheka. Mwalimu hakucheka. Alisimama katikati ya mteremko, akatugeuza tutazame juu, akasema kwamba mchanga huu huu tutaupanda kesho tukiwa tumechoka, na kwamba tuizike hapa, chini ya kichaka, chupa moja ya kila mtu kwa ajili ya kupandia. Kwa njia hiyo mikoba ikapungua uzito, na kurudi kwetu kukawa na akiba. Mtindo huo wa kuacha maji njiani ndilo jambo ambalo kila anayenishauri kuhusu jangwa sasa hunikuta nimeshalijua.

Chini, njia hufuata kijito kwenda juu. Husemwa kuwa ni njia, lakini mara nyingi ni kijito chenyewe, na alama ni vigingi vyenye namba vinavyoonekana hapa na pale. Unavuka maji, unatembea mchangani hatua hamsini, unavuka tena. Mahali penye maporomoko madogo unapanda pembeni kwa kushika mizizi na kushuka upande wa pili. Kijana mwanzoni alivua viatu kila tulipovuka, akaikausha miguu kwa taulo, akavaa tena. Dada alimwacha afanye hivyo mara kadhaa, kisha akamwambia kwamba malengelenge hayaletwi na maji peke yake bali na mchanga unaosagika kati ya soksi na ngozi, kwa hiyo ni heri apite na viatu, kisha kila tunapopumzika avue soksi, azikung'ute na aoshe vidole. Baada ya hapo mwendo wetu ukawa na utaratibu.

Kuna sehemu ambazo mchanga wa kijitoni unaonekana mgumu na kumbe umejaa maji kwa chini. Mguu wangu wa kulia ulizama hadi karibu na goti kwa hatua moja. Si jambo la kutisha kama watu wanavyolisimulia, kwa kuwa hauzami zaidi ya hapo, lakini ukivuta kwa nguvu kiatu hubaki. Mwalimu aliniagiza nisivute. Nitikise mguu taratibu ili maji yaingie kuzunguka kiatu, huku nikiegemea fimbo mbili zilizolazwa juu ya mchanga. Ilichukua dakika kadhaa na heshima yangu kidogo. Tangu hapo aliyetangulia alipiga fimbo mbele yake kabla ya kukanyaga.

Tulikwenda mwezi wa Juni, mwezi mkavu kuliko yote kule, kwa hesabu ya Mwalimu. Mvua za Julai na Agosti huleta ngurumo za alasiri, na wingu linaloweza kunyesha mbali hata hulioni linatosha kujaza korongo kwa muda mfupi. Bei ya kuepuka mafuriko ni joto. Kufikia saa sita mchana kuta zote mbili zilikuwa zinatema joto zililolipokea tangu asubuhi, na kivuli kilikuwa kimesogea hadi chini kabisa ya genge, mahali ambapo pengine palitosha mtu mmoja kusimama.

Hapo ndipo Kijana alipoketi ghafla, ameshika paja. "Papa, tupumuzike kidogo," aliniambia, na sauti yake haikuwa ya utani. Msuli ulikuwa umekaza kama kamba, akauachia, kisha ukakaza wa mguu wa pili. Alikuwa amekunywa maji mengi kuliko sote, na hilo lilimshangaza. Dada alimwuliza amekula nini tangu asubuhi. Hakuwa amekula kitu. Kwa mtu wa zamu ya usiku, saa nne asubuhi ni wakati wa kulala, na tumbo lake lilikuwa halijakubali chakula. Dada alitoa pakiti ya chumvi za kuongezea maji mwilini, ile ile wapewayo watoto wanaoharisha, akaikoroga katika chupa, akampa kidogo kidogo pamoja na korosho za chumvi na tende. Alieleza, huku akimkanda paja, kwamba jasho hutoka na chumvi, na anayerudisha maji bila kurudisha chumvi huzidi kuipunguza iliyobaki damuni. Tulikaa pale muda mrefu, mikoba chini, tukigawana kivuli kwa zamu.

Kilichofuata ndicho ninachokikumbuka zaidi kuhusu namna ya kusafiri na marafiki. Dada alibadilisha mpangilio. Badala ya Mwalimu kutangulia na sisi kumfuata tukihema, alisema Mzee atangulie, maana yake mimi, na Kijana afuate nyuma yangu. Mwalimu aliwekwa mwisho, mahali ambapo mwendo wake hauwezi kumvuta mtu. Maji ya Kijana yaligawanywa katika mikoba mitatu. Hakuna aliyeomba radhi wala aliyeshukuru sana. Jambo lilifanyika tu, nasi tukaendelea kwa mwendo wangu, ambao ni wa polepole, na kwa mshangao wa wote hatukuhitaji tena kusimama kila mara.

Keet Seel hulioni mpaka umelifikia. Korongo linapinda, miti ya mialoni inaziba, kisha unainua macho na kuna mji mzima ndani ya ukuta. Askari wa hifadhi anayekaa huko miezi ya kiangazi alitupokea na kutuacha tupumzike kwanza. Watu waliingia watano watano tu, pamoja naye, kwa ngazi ndefu ya mita 20 hivi iliyoegemezwa mwambani. Nilipanda bila kutazama chini.

Ndani kuna vyumba zaidi ya 150, vingine vikiwa na mapaa yake ya awali, na njia za kupita katikati yake kama vichochoro. Juu, dari la pango ni jeusi kwa masizi ya mioto ya jikoni. Juu ya mawe yamepangwa vigae vya vyungu, vyeusi kwa vyeupe na vyekundu kwa vyeusi, na magunzi ya mahindi madogo kama kidole changu cha kati. Hewa kavu na pango lililokinga mvua vimehifadhi hata kamba za majani ya yuka, mmea wa jangwani, zilizofungia fito.

Fito hizo ndizo zilizonisimamisha. Kuta nyingi ni za mawe na tope, lakini nyingine ni za miti: fito zimesimamishwa wima, zikafungwa kwa fito za kulala, kisha zikakandikwa udongo pande zote mbili. Mahali ambapo udongo umebanduka unaona kazi nzima kwa ndani, na mimi niliyekulia katika nyumba ya udongo nje kidogo ya Tanga niliitambua kazi ile kama mtu anavyotambua mwandiko wa nduguye. Niliinama, mikono nyuma kama tulivyoagizwa, nikaona alama za vidole. Fundi alichukua donge, akalibandika, akalikandamiza kwa vidole vinne kutoka juu kwenda chini, akaacha mifereji minne midogo. Pembeni yake donge la pili, mifereji mingine. Vidole vilikuwa vyembamba kuliko vyangu. Kwetu kazi ya kukandika hufanywa na wanawake na watoto wakubwa, udongo ukishakanyagwa na maji kupimwa vizuri, kwa sababu ukizidisha maji ukuta hupasuka unapokauka. Nikajiuliza jambo ambalo picha haziwezi kumwulizisha mtu: kujenga vyumba zaidi ya 150 kwa tope kunahitaji maji kiasi gani, na nani aliyapandisha humu?

Nilimwuliza askari wa hifadhi, na jibu lake, pamoja na nyongeza za Mwalimu usiku ule, lilinifungulia mahali pale. Genge lile ni jiwe la mchanga, na maji ya mvua na theluji huzama ndani yake polepole kutoka juu ya uwanda hadi yafikie tabaka la chini lisilopitisha maji kwa urahisi. Hapo hutoka pembeni kama chemchemi, hulainisha mwamba, vipande huanguka, na kwa karne nyingi pango hupatikana. Kwa maneno mengine, maji yaliyochimba pango ndiyo yaliyowavuta watu kukaa ndani yake. Walilima mahindi, maharage na maboga kwenye sakafu ya korongo, wakafuga bata mzinga, na mashamba yao yalinyweshwa na unyevu uliokuwa karibu na uso wa ardhi.

Habari za miaka zinajulikana kwa usahihi wa ajabu kwa sababu ya boriti. Mwanafalaki A. E. Douglass, aliyeanza kuchunguza pete za miti, yaani duara ambazo mti huongeza moja kila mwaka, akitafuta athari za madoa ya jua katika hali ya hewa, alifanikiwa mwaka 1929 kuunganisha mfululizo wa pete za miti hai na zile za boriti za magofu, na tangu hapo boriti ikawa kama kalenda. Katika miaka ya 1960 mtafiti Jeffrey Dean alizipima boriti za Keet Seel na za kijiji jirani cha Betatakin. Ilionekana kwamba Keet Seel kilijengwa kidogo kidogo, familia moja ikija na nyingine ikiondoka, na ujenzi ukashamiri kati ya miaka ya 1272 na 1286. Sasa weka karibu na hapo jambo lingine ambalo pete hizo hizo zinaonyesha: ukame mkubwa wa eneo lile ulianza mwaka 1276 na kuendelea hadi 1299. Miaka kumi hivi kati ya ile ya ujenzi ilikuwa miaka ya ukame. Watu hawakujenga pale kwa neema. Nadhani walisongamana pale kwa sababu kwingine kulikauka kwanza. Kisha kijito kilianza kujichimba, mkondo ukazama chini ya kiwango cha mashamba, na unyevu ukayakimbia mahindi. Kufikia mwaka 1300 walikuwa wameondoka.

Waliondoka kwa utaratibu. Milango kadhaa ya maghala ilizibwa kwa bamba la jiwe na udongo, na gogo kubwa mno limelazwa kwenye sehemu ya kuingilia. Vitabu vya watalii hupenda kusema kwamba mfugaji wa Kimarekani, Richard Wetherill, aligundua Keet Seel mwaka 1895, na ni kweli kwamba habari zake zilienea baada ya hapo na eneo likahifadhiwa kwa amri ya Rais Taft mwaka 1909. Lakini Wahopi, wanaoishi juu ya nyanda zao kusini mwa pale, hawajawahi kupoteza mahali hapo. Wanapaita Kawestima, koo zao zinataja kupita humo, na bado huja. Askari wa hifadhi alipotueleza hayo, Kijana, aliyekuwa kimya tangu tupande ngazi, alisema kwamba baba yake naye alifunga mlango kwa kufuli siku walipotoka Bukavu, akaweka ufunguo mfukoni, na kwamba ufunguo huo uko Phoenix hadi leo. Nilimtafsiria askari maneno hayo. Alitikisa kichwa, akamwonyesha Kijana mlango wa ghala ambao bado una bamba lake pembeni, na wawili hao walisimama hapo wakizungumza kwa Kiingereza cha kila mmoja.

Kuhusu usiku sina mengi, maana tulilala mapema. Tuliondoka kabla jua halijaingia korongoni, mimi nikiwa mbele, Kijana akiwa ameshiba uji wa shayiri wenye chumvi ambao Dada alimsimamia mpaka mwisho. Chupa tulizozika tulizikuta, zikiwa na joto lakini zimejaa. Mteremko wa mchanga ulikuwa kama Mwalimu alivyosema: hatua mbili juu, moja chini. Tulikubaliana kupumzika kila baada ya hatua hamsini, kila mtu akinywa hata kama hana kiu, na mwenye kuhesabu alikuwa Kijana, kwa Kifaransa. Hatukupanda kwa haraka na hakuna aliyeanguka. Juu, Dada alikagua nyayo za kila mmoja kabla hajaruhusu gari liwashwe.

Baba yake Kijana hawezi safari ya namna ile, kwa kuwa mgongo wake uliumia zamani. Hata hivyo, karibu na ofisi ya hifadhi kuna njia fupi iliyosakafiwa, isiyohitaji kibali, inayofika mahali pa kutazamia Betatakin kutoka ng'ambo ya korongo. Tulimpeleka huko baadaye. Mzee huyo alikuwa fundi seremala, na aliyatazama mapaa kwa darubini kwa muda mrefu kabla ya kuuliza miti ya boriti ilipitishwa njia gani katika magenge yale. Mwalimu alimwonyesha chini, mbele ya pango, msitu mdogo wa misonobari na miti mingine mirefu ya baridi unaonawiri kwa unyevu wa korongo, akamwambia kwamba miti ya Betatakin ilikatwa kwa mpango, mingine mwaka 1269 na mingine 1272, ikawekwa akiba mpaka wenye kujenga walipokuja kwa wingi miaka michache baadaye. Mzee alirudisha darubini. Alisema aliyeiweka akiba alifanya vyema, kwa kuwa boriti mbichi hupinda.